Prius Ikigoma Kuwaka, Usikimbilie Kulaumu Betri Kubwa

Toyota Prius, gari la haibridi (linalotumia petroli na umeme), ikigoma kuwaka asubuhi, wengi husema palepale, "Betri ya haibridi imekufa," na mwenye gari anaanza kutafuta mkopo. Mara nyingi si kweli, na inauma kuona mtu akilipia asichohitaji.

Gari hilo lina betri mbili. Ile kubwa, yaani ya haibridi, ya volti 201.6 katika Prius ya 2010, ndiyo inayozungusha injini. Lakini haiungwi na mfumo mpaka kompyuta ziamke, na kompyuta hulishwa na betri ndogo ya volti 12. Ndogo ikilala, kubwa haifui dafu hata ikiwa imejaa chaji.

Dalili: taa za dashibodi zinafifia, rilei (swichi ndogo za umeme) zinalia tak-tak-tak, neno READY (gari liko tayari) halitokei. Pima kwanza. Betri ndogo yenye afya, ikiwa imepumzika, husoma takriban volti 12.6; ikisoma chini ya 12, chaji imekwisha. Yenyewe iko kwenye buti, upande wa kulia, ila kuna ncha ya kubusti (kuwashia gari kwa betri ya nje) ndani ya boksi la fyuzi, chini ya boneti. Tafadhali, usikosee chanya na hasi: unaweza kuunguza inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota). Nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme wa volti nyingi, usiziguse kabisa.