Fluorourasili haizimi RNA

Nimeisoma tena, safari hii kwenye rasimu ya tasnifu: 5-fluorourasili (dawa ambayo ni urasili, herufi ya RNA, iliyopachikwa fluorini) "huzuia usanisi wa DNA na RNA katika bakteria". Hebu tulimalize.

DNA, sawa. Ndani ya bakteria E. coli dawa hugeuzwa kuwa FdUMP, umbo linaloshikamana na thimidilati sinthasi (kimeng'enya kinachoipatia seli thimini, herufi ya DNA) pamoja na folati, molekuli yake msaidizi, na kimeng'enya hakibanduki tena. Thimini ikiadimika, unakili wa DNA unakwama. Hapo sina ugomvi na mtu.

RNA ndiyo inayonikera. Haizimwi, inaharibiwa. Polimerasi, kimeng'enya kinachojenga RNA, huipokea FUTP (umbo jingine la dawa) kana kwamba ni UTP (urasili iliyo tayari kujengea RNA) na kusonga mbele, ndiyo maana ribosomu mpya, mitambo ya protini iliyojengwa kwa RNA, hubaki hazijakamilika. Wakati huohuo seli zinarefuka kama nyuzi bila kugawanyika. Kama RNA ingekuwa imezimwa, protini za kurefukia zingetoka wapi?

Kosa linazaliwa kwenye kipimo. Mtu anatia urasili yenye tritiamu (hidrojeni ya mionzi), anaona mionzi iliyoingia imepungua, anatangaza RNA imeshuka. Ndugu yangu, urasili na fluorourasili zinapita mlango mmoja, kimeng'enya cha jeni upp, na zinagombania kupita. Ulichopima ni msongamano wa mlangoni. (Mwenye shaka achukue E. coli isiyo na upp aone inavyostahimili dawa.) Thimidini (thimini iliyoungwa na sukari) ndiyo kichekesho hasa: seli imenyimwa thimini, halafu wewe unaimwagia thimidini ya mionzi ili upime kama imenyimwa! Inaifyonza kwa pupa, namba inaweza hata kupanda, nawe unaandika kwamba DNA inastawi. Tumia fosfati yenye fosforasi-32 (fosforasi ya mionzi, inayoingia kwenye DNA na RNA zote), kisha alkali: RNA inavunjika, DNA inabaki. Ni kazi ya kuchosha, najua.

Ila kinachoua ni nini hasa? Vitabu hujibu kwa mstari mmoja: kukosa thimini. Kifo hicho Cohen na Barner walikieleza mwaka 1954, kwa E. coli hiyohiyo, na hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu chanzo chake. Mimi naegemea upande wa uma za unakili (pale DNA inapofunguka ili inakiliwe) zinazovunjika, ingawa kuna siku hoja hiyo hainitoshi. Na kwa fluorourasili mambo yanachanganyika zaidi: ukiongeza thimidini, DNA inaanza tena, lakini RNA yenye fluorini bado imo ndani ya seli, na ribosomu zake mbovu.