Ukimya wa Ukumbini: Dhana Potofu Kuhusu Mwaka wa Kwanza Chuo Kikuu

Mwanafunzi anapoingia chuo kikuu huwa amebeba mengi aliyoambiwa na waliomtangulia, na baadhi yake humdhuru kuliko ugumu wa masomo wenyewe. Dhana ninazozijadili hapa nimezichagua kwa sababu nimeziona zikiwapotezea vijana wenye uwezo muhula mzima, na pengine mwaka, kabla hawajatambua kwamba walichokiamini hakikuwa kweli.

Dhana potofu: Ratiba ina nafasi nyingi, kwa hiyo mwaka wa kwanza ni wa kupumzika

Dhana hii hutokana na kuisoma ratiba ya chuo kwa macho ya shule ya sekondari, ambako kengele hugonga tangu asubuhi na kazi karibu yote hufanyika mbele ya mwalimu. Chuo kikuu hakipimi kazi kwa vipindi. Katika ECTS, mfumo wa krediti unaotumika katika nchi nyingi za Ulaya, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo zile anazosoma peke yake. Chukua kozi ya krediti 6: inamdai mwanafunzi saa zisizopungua 150. Ikiwa mihadhara yake ni ya saa 3 kwa wiki, kwa wiki 14, ukumbini atakaa saa 42 tu. Saa zaidi ya 100 zinazobaki hazimo kwenye ratiba, wala hakuna anayeita majina kuhakikisha kwamba zimetumika. Nchi nyingine zina hesabu zao, lakini nafasi tupu kwenye ratiba ni kazi ile ile ambayo haijapangiwa saa, na wa kuipangia ni mwanafunzi mwenyewe.

Dhana potofu: Wenzangu wote wameelewa, ni mimi tu nisiyestahili kuwa hapa

Kati ya dhana zote hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa kuwa huwapata hata wale waliokuja na alama nzuri kabisa. Tazama ukumbi wa mihadhara katika wiki ya tatu. Mhadhiri amejaza ubao, anageuka, anauliza kama kuna swali. Kimya. Kijana wa safu ya nyuma, ambaye tangu mstari wa pili hajui herufi ile inawakilisha nini, anatazama vichwa vilivyoinama mbele yake vikiandika upesi, na anahitimisha kwamba wenye vichwa vile wameelewa. Hajui kwamba wengi wananakili tu, na kwamba aliyekaa mbele yake amekwama pale pale na anautafsiri ukimya huo kama anavyoutafsiri yeye. Kila mmoja anaiona hofu yake kwa ndani na utulivu wa mwenzake kwa nje, kisha anavilinganisha vitu viwili visivyolingana.

Hali hii imeandikwa kitaalamu kwa miaka mingi. Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes walieleza habari za wanawake zaidi ya 150 waliokuwa wamefaulu sana kielimu na kikazi, lakini ambao waliamini kwamba wamewahadaa watu na kwamba siku moja wangegundulika. Baadaye ilibainika kwamba wanaume nao hupatwa na hisia hiyo. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha utafiti uliofanyika katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, ambapo wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika zoezi la takriban saa moja, walisoma maelezo ya wenzao wa miaka ya juu kwamba shaka ya kutostahili ni ya kawaida mwanzoni na hupungua kadiri muda unavyokwenda. Katika miaka 3 iliyofuata, alama za wanafunzi weusi waliopitia zoezi hilo zilipanda kuliko za wenzao weusi ambao hawakulipitia, ilhali kwa wanafunzi weupe hapakuwa na tofauti kubwa. Mimi naona jambo moja zito katika matokeo hayo: wanafunzi wale hawakufundishwa somo lolote la ziada, bali walibadilishiwa maana ya ugumu waliokuwa wakiupitia.

Dhana potofu: Kusoma ni kurudia daftari hadi liingie kichwani

Mwanafunzi anayesoma ukurasa mmoja mara nne, huku akipigia mistari kwa kalamu ya rangi, huridhika kwa sababu maneno yamekuwa mepesi machoni pake, na wepesi huo anaudhania kuwa ujuzi. Wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi waliosoma matini mara mbili walikumbuka asilimia 81 baada ya dakika 5, na waliosoma mara moja kisha wakajaribu kuiandika kwa kumbukumbu walipata asilimia 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, waliojipima wakawa na asilimia 56. Mtihani wa muhula hauji baada ya dakika 5. Kwa hiyo funga daftari, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, kisha fungua uone ulichoacha.

Dhana potofu: Mwenye bidii hukesha akisoma, halali

Vijana wa miaka 18 hadi 25 wanashauriwa kulala saa 7 hadi 9 kila usiku, na usingizi ni sehemu ya kazi ya ubongo ya kuhifadhi kilichosomwa mchana.

Dhana potofu: Kumwendea mhadhiri ni kujianika kuwa huwezi

Wahadhiri wengi hutenga saa maalumu za kuonana na wanafunzi, na mara nyingi saa hizo hupita mlango ukiwa wazi bila mtu kuingia, hadi wiki ya mwisho kabla ya mitihani ambapo foleni hujaa ushoroba na kila mmoja hupata dakika chache. Anayekwenda mapema hahitaji kuwa na swali la kina. Anaweza kuweka daftari mezani na kusema, “Mwalimu, hadi mstari huu nilikuwa nakufuata, kuanzia hapa nimepotea.” Sentensi hiyo inamwonyesha mhadhiri pa kuanzia, na kijana wa safu ya nyuma angeweza kuitamka wiki ile ile ya tatu, herufi moja tu ikiwa ndiyo iliyomkwamisha.