Je, wajua kwa nini fundi wa lori hutanguliza kompyuta, spana baadaye?

Chini ya mlima Kitonga, upande wa Ruaha Mbuyuni, nilikuta lori limeegeshwa pembeni, matawi yametandazwa barabarani nyuma yake na jiwe kubwa limewekwa chini ya tairi. Injini ilikuwa inanguruma vizuri tu, ila ikifika mwanzo wa mlima inaishiwa pumzi. Mwenye gari alikuwa Dar es Salaam, na kuna mtu alishamwambia kwa simu kwamba turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, imekufa. Alikuwa anahangaikia pesa ya kununua nyingine.

Fundi alifika kwa bodaboda. Spana zilibaki kwenye begi. Alichotoa ni mita ya umeme, kebo na kompyuta.

Injini ya dizeli ya siku hizi ina kisanduku cha kompyuta, kile ambacho mafundi wengi hukiita kontrol boksi. Ndicho kinachoamua dizeli iingie lini na kwa kiasi gani. Piga hesabu kidogo. Injini ya silinda sita ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 30 kwa sekunde. Kila silinda hupata zamu yake ya dizeli mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo kontrol boksi hufanya maamuzi 90 ndani ya sekunde moja. Hakuna sikio la fundi, hata awe mzoefu vipi, linaloweza kufuatilia kazi hiyo. Inabidi kisanduku chenyewe kiulizwe.

Huulizwa kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mfumo huo unaitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuutengeneza mwaka 1983 na kuuonyesha Detroit, Marekani, mwaka 1986. Malori, matrekta na jenereta kubwa hutumia juu yake lugha iitwayo J1939. Ndani ya kebini, karibu na miguu ya dereva, mara nyingi utakuta soketi ya duara yenye pini tisa. Fundi wetu aligusisha mita kwenye pini C na D, ambako nyaya zile mbili huishia, umeme ukiwa umezimwa, akasoma omu 60; omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Akatikisa kichwa kuridhika. Kila ncha ya nyaya hizo ina kizuizi cha umeme cha omu 120, na viwili vikiwa sambamba hutoa 60. Angesoma 120, angejua kimoja kimekatika, na kompyuta ingeweza kumdanganya.

Sasa, ndani ya kompyuta ile kuna nini? Watu hudhani ni programu moja. Ukweli ni kifurushi chenye vitu kadhaa vinavyotegemeana. Kuna programu yenyewe, kuna draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitambua kile kiunganishi cha kati yake na lori, kuna hazina ya misimbo ya hitilafu na michoro ya nyaya, na kuna mafaili ya vipimo vya injini. Vyote huwekwa kwa pamoja, na toleo la kimoja lazima likubaliane na la kingine. Draiva ikiwa ya zamani, kompyuta haioni kebo. Hazina ya misimbo ikiwa nyuma, kontrol boksi mpya hutoa namba tupu isiyo na maelezo, na fundi anabaki kubahatisha. Ndiyo maana watengenezaji makini huhakikisha kazi kubwa inafanyika bila intaneti, maana fundi aliye porini hawezi kupakua kipande kilichosahaulika.

Mafaili ya vipimo ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Injini zenye chuma kilekile zinaweza kuuzwa kwa nguvu tofauti, na tofauti ikawa kwenye faili tu. Ukipandisha faili la injini yenye nguvu zaidi kwenye isiyojengwa kwa mzigo huo, dizeli inazidi, joto linapanda, pistoni zinaungua. Kwa sababu hiyo, programu nzuri hulinganisha kwanza namba ya injini na namba ya faili, kisha hukagua alama ya kidijitali inayothibitisha kwamba faili halijaguswa tangu litoke kiwandani. Nakala zilizovunjwa, zinazopitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi, zinaweza kuwa zimeondolewa ukaguzi huo. Sitawalaumu mafundi wanaozitumia, kwa sababu wengi hawana njia nyingine. Mzozo huu uko hata kwa wakulima wa Marekani: Januari 2025 tume ya serikali ya biashara ya huko, FTC, iliishtaki kampuni ya matrekta ya Deere kwa madai ya kubana zana za matengenezo. Naamini fundi wa kujitegemea anastahili kupata kifurushi halali kwa bei anayoimudu.

Na wakati wa kuandika faili jipya, umeme usikatike. Betri ikilegea katikati, kontrol boksi inaweza kunyamaza kabisa, na lori zima likawa mateka wa kisanduku kimoja. Fundi mwangalifu huunga chaja kwanza.

Lori la Kitonga halikuhitaji kuandikiwa chochote. Kompyuta ilitoa namba mbili: 102 na 4. Katika J1939, 102 ni kipimo cha shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini baada ya turbo. Namba ya pili hueleza aina ya kosa: ingekuwa 1, shinikizo lenyewe lingekuwa limeshuka kupita kiasi, na turbo au mpira wa hewa ungefaa kushukiwa. Lakini 4 maana yake volti ya sensa, yaani kifaa kinachopima shinikizo hilo, iko chini mno. Kosa lilikuwa la umeme. Kontrol boksi, ikikosa taarifa ya kuaminika ya hewa, ilikuwa imebana dizeli ili kuilinda injini.

Fundi alifungua mchoro, akafuata waya kwa kidole hadi nyuma ya injini, akapakuta pamesuguana na chuma hadi plastiki imeisha. Alifunga tepu, akausogeza waya mbali na chuma, akafuta msimbo. Ndipo akampigia mwenye gari kumwambia asinunue turbo. Utingo alikuwa ameshaanza kuondoa matawi barabarani.