Utando wa rangirangi ziwani si lazima uwe mafuta ya meli ya vita

Kuna picha isiyokoma kuzungushwa kwenye magrupu: utando wa rangirangi pwani ya Ggaba au Entebbe, eti ni mafuta ya meli ya vita inayooza chini ya Ziwa Viktoria. Kwenye vidimbwi vya kinamasi, mara nyingi ni bakteria wa chuma, yaani bakteria wanaotumia madini ya chuma yaliyomo majini. Uguse kwa kijiti: ukipasuka vipande visivyoungana, ni bakteria, ukijikusanya papo hapo, ni mafuta, na mshukiwa wa kwanza ni injini za boti.

Mkanganyiko unaeleweka. Arizona, meli ya vita ya Marekani iliyozamishwa Pearl Harbor, Hawaii, mwaka 1941, bado inavuja mafuta, maana kutu hula matangi polepole. Lakini stima za ziwani wakati wa vita vya 1914–1918 kwa kawaida zilichoma kuni, si mafuta. Picha ya utando usiopimwa kwa kijiti, tafadhali usiisambaze.