Makaburi na bustani za Nairobi: vitu tunavyoambiana ambavyo sivyo

Mimi Jumamosi nyingi natembea. Si mazoezi, natembea tu polepole na viatu vya kawaida na chupa ya maji, na kwa miaka kama minne sasa nimekuwa nikizunguka Nairobi nikifuata makaburi ya zamani na bustani, kwa sababu niliona ni sehemu chache sana za hili jiji ambazo bado hazijabomolewa zikapandishwa ghorofa. Kila nikimwambia mtu anashtuka, alafu anaanza kunipa sababu za kutoenda, na sababu zenyewe nyingi ni hadithi tulizorithi tu bila mtu kuzikagua. Wacha niziandike vile nazisikia, na vile mambo yalivyo.

"Nairobi haina historia, ni taoni ya juzi"

Ukiilinganisha na Lamu au Mombasa ni kweli ni changa. Reli ilifika hapa 1899 na kabla ya hapo palikuwa malisho na maji baridi, Wamaasai wakapaita Enkare Nairobi. Lakini zaidi ya miaka 120 ni vizazi vingi vya watu, na watu wakishakaa mahali wanazikana hapo. Nenda makaburi ya Nairobi South, yale ya upande wa kusini ukitoka katikati ya jiji, utakuta watu wa siku za reli kabisa.

Mmoja wao ni Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli aliyeuawa na simba Juni 1900. Na hapa kuna kosa ambalo hata watu wanaojua mambo hulirudia, wanasema aliliwa na wale simba wa Tsavo waliokuwa wakiwala wajenzi wa reli. Hapana. Simba wawili wa Tsavo walipigwa risasi Desemba 1898 na miili yao iko Chicago, kwenye jumba la makumbusho. Ryall aliuawa mwaka mmoja na nusu baadaye, stesheni ya Kima, na simba mwingine kabisa aliyeingia ndani ya behewa usiku wakati yeye amelala. Behewa lenyewe bado lipo, liko kwenye makumbusho ya reli hapo karibu na stesheni kuu, na kutoka hapo mpaka kaburini ni mwendo wa miguu tu. Unatoka kuangalia dirisha alilotolewa nalo unaenda kusimama mbele ya jiwe lake asubuhi hiyo hiyo, na nakwambia hadithi ya kitabuni inageuka kuwa kifo cha mtu.

"Kwenda makaburini bila msiba ni kujitafutia mkosi"

Hii nimeisikia tangu utotoni. Tuliambiwa hata ukilionyesha kaburi kwa kidole, kidole kitaoza. Sitaki kubishana na mila ya mtu, lakini kusema ati mila zote na dini zote zinakataza si kweli. Waislamu wana ziara ya makaburi, wanaenda kuwaombea waliotangulia na kukumbuka mauti. Wakatoliki wana tarehe 2 Novemba ya kuwakumbuka marehemu wote na wengi huenda kaburini kabisa kusali. Kinachotakiwa ni adabu, usikalie kaburi, toa ile muziki masikioni, punguza sauti, na ukikuta familia ina mazishi au imekuja kufagia kaburi la mtu wao wewe pita mbali.

"Hayo ni makaburi ya wazungu, sisi yanatuhusu nini"

Hii ndiyo inaniuma kuliko zote.

Nenda Nairobi War Cemetery, iko Ngong Road, wengi tunaipita kwenye matatu kila siku tukidhani ni kiwanja cha watu fulani. Ilifunguliwa na jeshi 1941 na ina makaburi karibu 2,000 ya vita ya pili ya dunia. Mara ya kwanza niliingia nikitarajia majina ya Uingereza peke yake, nikaanza kuchuchumaa mbele ya jiwe moja moja, na majina yakawa ni ya watu ninaowajua, yaani si wao, lakini ni majina ya majirani, ya wanafunzi wenzangu, ya watu wa kijijini kwetu. Askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Namba ya jeshi, cheo, jina, tarehe. Nyasi zimekatwa vizuri na kuna ukimya ambao hutautarajia na Ngong Road iko hapo nje.

Alafu ndani ya hiyo cemetery kuna ukumbusho wa wasio na kaburi. Kati yao ni askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa kwenye meli ya Khedive Ismail, waliondoka Mombasa kwenda Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 meli ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives ikazama kwa chini ya dakika mbili. Watu karibu 1,300 walikufa. Ni vijana wetu, walizama kwenye bahari ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona kabla ya kuitwa vitani, na sisi tunapita hapo tukisema ni ya wazungu.

"City Park ni ya kima na picha za harusi"

Kima wapo, wengi, na ukibeba ndizi mkononi ujue si yako tena. Niliwahi kumkuta mmoja amekaa juu ya jiwe la kaburi anabambua karanga moja moja, anatupa maganda chini, ananiangalia kama mimi ndiye mgeni. (Tafadhali msiwalishe, wanazoea watu alafu wanakuwa wakali kwa watoto.)

Lakini ndani ya City Park kuna makaburi, na hapo ndipo alipozikwa Pio Gama Pinto. Kama hilo jina ni geni kwako sikulaumu, shuleni wengi wetu tulipitishiwa kwa sentensi moja. Alizaliwa hapa hapa Nairobi 1927, wazazi wake Wagoa, yaani watu wa Goa kule India, alipigania uhuru, wakoloni wakamfunga, uhuru ukaja akawa mbunge, na tarehe 24 Februari 1965 akapigwa risasi kwenye gari nje ya nyumba yake Westlands, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Hata miaka 38 hakuwa ametimiza. Kwa hiyo wale wanaosema ati Wahindi na Wagoa walikuwa wenye maduka tu, hawakumwaga damu kwa hii nchi, nataka waende wasimame hapo dakika tano.

Karibu naye ni Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya mwaka 1966, baba Mgoa na mama Mmaasai. Watu wengi hudhani mtu wa cheo hicho lazima alizikwa kwenye shamba kubwa mahali fulani. Yeye alitaka kulala karibu na rafiki yake Pinto. Alifariki 1990, mkewe Sheila yuko naye hapo, na wamezungukwa na sanamu za mawe za wasanii wa Afrika kwa sababu maisha yake yote alikusanya sanaa. Nakaa hapo sana. Nadhani ndipo mahali pa urafiki zaidi Nairobi nzima, marafiki wawili chini ya miti na kima wanaruka juu.

Tunaodhani wamezikwa mahali ambapo hawako

Nimesikia mtu akimwambia mtoto wake pale mjini kwamba Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau, amelala chini ya ile sanamu yake yenye bunduki. Sanamu iliwekwa 2007. Dedan Kimathi alinyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 akazikwa huko bila alama, na familia yake imekuwa ikiomba kaburi lake kwa miaka yote hii.

Wangari Maathai naye wengine hudhani yuko Karura kwa sababu kuna sehemu yenye jina lake, wengine wanasema yuko Freedom Corner, ile kona ya Uhuru Park. Huko ndiko alikopigania tu, 1989 alizuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, na Januari 1999 alipigwa akijeruhiwa kichwani nje ya msitu wa Karura. Alipofariki 2011 alichomwa Kariokor, jeneza likiwa la mianzi, mafunjo na magugumaji maana hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, na majivu yake yako Kabete kwenye taasisi yenye jina lake.

Na pale makaburi ya Lang'ata, watu hudhani ukishazikwa umezikwa milele. Yalitangazwa kujaa 1996, na yale makaburi ya bei nafuu ni ya muda, yanaweza kutumika tena. Kama una mtu wako pale uliza mapema ni ya aina gani, usingoje.

"Bustani ni za kanjo, wakitaka wanaweza kuuza"

Jeevanjee Gardens si zawadi ya serikali wala ya wakoloni. A.M. Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetoka Karachi, alitoa hiyo ardhi 1906 iwe ya wakazi wa Nairobi wapumzike. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuigeuza jengo la kuegesha magari, mjukuu wake Zarina Patel akapiga kelele, wakazi wakapiga kelele naye, mpango ukafa. Kila mchana ukiona wahubiri na vijana wanaotafuta kazi wamelala kwenye nyasi, ujue wamelala kwenye haki yao.

Arboretum nayo si kipande cha msitu wa asili kilichobaki, ilianzishwa 1907 kujaribu miti ipi ingekua haraka iwe kuni za gari moshi. Ndio maana utakuta miti ya kutoka nchi nyingi imesimama pamoja, spishi kama 350 kwenye hekta 30. Kuna ada ndogo getini.

"Utaibiwa"

Hii siwezi kusema ni uongo. Makaburi ya Forest Road na ya Nairobi South kuna sehemu zimejificha na nyasi ndefu, na mimi mwenyewe simu iliwahi kwenda. Nenda asubuhi, nendeni wawili watatu, msalimie mlinzi na umwambie umekuja kutafuta nini maana wengi wao wanajua makaburi kuliko karatasi yoyote, na simu ikae mfukoni mpaka unapohitaji picha. War Cemetery na Arboretum hata peke yangu huwa naenda bila wasiwasi.

"Waliokufa vitani walikumbukwa wote"

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu ni ya kwetu nyumbani. Babu ya baba yangu "alienda Kariakoo hakurudi", hivyo ndivyo tumekuwa tukisema siku zote, na nikiwa mdogo nilidhani alienda sokoni. Kariakoo, au Kariokor, ni Carrier Corps, wapagazi wa vita ya kwanza, waliobeba mizigo ya jeshi la Mwingereza kuwafuata Wajerumani mpaka Tanganyika. Waliorekodiwa kufa ni zaidi ya 40,000, wengi si kwa risasi ila kuhara, malaria na njaa. Wale wa vita ya pili pale Ngong Road wana jiwe kila mmoja. Hawa hawana. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na wa Mashariki ya Kati, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina na wengine hawakukumbukwa kabisa.

Walichopewa ni zile sanamu tatu za shaba Kenyatta Avenue, za miaka ya 1920, zenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mwaka jana baba mkubwa alikuja kutoka nyumbani kwa ajili ya hospitali, nikamtembeza kutoka steji mpaka hapo, tukisimama kila mara kwa sababu ya magoti yake. Akavaa miwani akasoma Kiswahili polepole kwa sauti, pale panaposema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na pale panaposema ukipigania nchi yako hata ukifa watoto wako watalikumbuka jina lako. Akazunguka nyuma, akaangalia pande zote za lile jiwe, akarudi. Akaniuliza majina yako wapi. Nikamwambia, baba mkubwa, hayapo. Akatoa miwani, akalitaja jina la babu yake pale pale barabarani, mara mbili, boda zikipita.