Gogo lililooza silo bora kwa uyoga
Wengi huamini gogo zuri la kupandia uyoga ni lililokwisha kuoza, maana porini uyoga huonekana huko. Kumbe gogo hilo lina wenyewe: kuvu nyingine zimeshalitawala, na mbegu ya shiitake, aina ya uyoga unaoliwa, haipati nafasi. Kata gogo bichi la mti mgumu wenye afya, unene sentimita 10 hadi 15, urefu mita 1, gome lisichubuke. Subiri kama wiki 2. Toboa matundu ya kina cha sentimita 2.5, jaza mbegu, ziba kwa nta. Weka kivulini, likikauka mbegu hufa, na wanaoanza hukosea zaidi hapo.

Una gogo la zamani? Bandua gome kidogo. Utando, michirizi myeusi au mti unaobonyea kwa kucha ni dalili kwamba limeshavamiwa.