"Mpelekeni kwa wenziwe": malalamiko ya ubaguzi yanavyofika kwa Tume ya Haki za Binadamu

Mama wa Micheweni, Pemba, kampeleka mwanawe skuli kuandikishwa. Mtoto hasikii. Mwalimu anamtazama, anasema kwa upole kabisa: "Huyu mpelekeni kwa wenziwe." Mama anarudi zake nyumbani. Hakutukanwa, hakusukumwa, basi hata halimjii wazo kwamba mwanawe kabaguliwa.

Mfano huu sisi wa Tume tunautumia kufundishia kwa sababu ubaguzi wetu huja kwa sauti ya chini. Katiba ya Muungano, ibara ya 13, inakataza mtu kufanywa duni kwa sababu ya kabila, pahala alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia au hali ya maisha. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalo katazo kama hilo katika ibara ya 12. Mwenye ulemavu anayo pia sheria yake.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilianza kazi 2001, ikarithi nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Hapa Zanzibar Baraza la Wawakilishi liliridhia Tume ifanye kazi huku kwa Sheria Namba 12 ya 2003, na shughuli zikaanza 2007. Kulalamika ni bure, kwa mdomo au kwa maandishi, na jirani anaweza kulalamika kwa niaba yako. Tume inaweza pia kuanza uchunguzi yenyewe bila kuletewa kitu.

Tunasikiliza pande zote mbili, tunasuluhisha panapowezekana, kisha tunatoa mapendekezo. Hapo ndipo watu wanaponuna: "Mapendekezo tu?" Ndiyo, Tume si mahakama, na shauri lililokwisha fika mahakamani hatuligusi. Lakini taasisi ikiyapuuza, sheria inaruhusu kwenda mahakamani kutaka yatekelezwe.

Kinachotuangusha hasa ni ushahidi. Mtu anakuja na uchungu, hana tarehe, hamjui aliyemjibu. Karatasi ya daftari la mtoto inatosha: siku gani, ofisi gani, nani alikuwepo, maneno yenyewe yalivyosemwa. Usiyapambe.

Mama yule arudi kwa mwalimu, amwombe jibu lile lile kwa maandishi, na muhuri wa skuli. Si ajabu nafasi ikapatikana kabla kalamu haijafunguliwa.